Uzee Pekee Haumwangushi Mzee



Wakati wa likizo tuliwatembelea wazee wa Ruaruke, wilayani Kibiti. Wote tuliowakuta wanaishi nyumbani, wengi wao na wajukuu. Bibi mmoja alikuwa na jeraha kwenye paji la uso, akasema amejigonga mlangoni. Mjukuu wake alipotoka kuchota maji, alitunong'oneza: "Wajukuu zangu, nilianguka usiku nikienda msalani. Msimwambie mwanangu, atanihamishia Dar es Salaam. Babu yenu amezikwa hapa."

Katika falsafa tunafundishwa kutafuta sababu, na "ni uzee tu" haitoshi. Ni kweli miguu hulegea na macho hufifia. Lakini pia baadhi ya dawa za shinikizo la damu huleta kizunguzungu mzee anaposimama ghafla. Tena choo kiko uani, udongo huteleza wakati wa masika, ndala zimelika soli, na taa hakuna. Hata penye wahudumu hali si tofauti: mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba asilimia 30 hadi 50 ya wanaoishi katika makao ya wazee huanguka kila mwaka.

Kuanguka si aibu. Mtakatifu Yohane Paulo II aliteleza bafuni Aprili 1994, akavunjika mfupa wa paja na kufanyiwa upasuaji. Kuhani Eli, mwenye miaka 98, alianguka kutoka kitini akavunjika shingo, akafa (1 Sam 4:15-18).

Hatari haiishii kwenye mfupa. Mzee aliyevunjika nyonga akilala muda mrefu bila matibabu, hupata vidonda vya mgongoni, nimonia au damu kuganda miguuni. Kwa hiyo mzee akianguka akashindwa kusimama, au mguu mmoja ukaonekana mfupi na umegeukia nje, tusimvute wala kumkanda. Tuutulize mguu kama ulivyo, tumbebe kwenye kitanda au ubao hadi kituo cha afya. Akigonga kichwa, kisha akatapika, akasinzia au akachanganyikiwa, tusingoje kuche.

Kuzuia hakuhitaji fedha nyingi: tochi kando ya kitanda, ndoo ya kujisaidia usiku, mchanga kwenye njia inayoteleza, fito ya kushika kutoka mlangoni hadi chooni. Kabla ya kusimama, mzee akae kwanza ukingoni mwa kitanda. Dawa zake zikaangaliwe na mganga; asiache mwenyewe.

Lakini yote hayo hayawezekani mzee akificha, naye huficha akiogopa kuamuliwa mambo yake. Hatukumwambia mwana wa yule bibi. Tulimsihi bibi amwambie mwenyewe, nasi tukafunga fito pamoja na mjukuu na vijana wa jirani, Waislamu kwa Wakristo.

Jumapili hii, baada ya shikamoo, tumuulize mzee wetu kwa upole: "Umeanguka siku hizi?" Kisha tumsikilize bila kumkaripia.