Gari ya umeme: ya mbio ao ya kazi ya kila siku? Jibu la Ulaya linafika mpaka Kolwezi

Katika familia nyingi za Goma, Bukavu, Bunia, Kalemie ao Lubumbashi kuko angalau mutu mumoja wa ng'ambo: dada wa Bruxelles, shemeji wa Liège, mutoto wa baba mudogo wa Paris. Siku moja anatuma picha mbili katika WhatsApp ya familia. Anataka kuacha gari ya mazuti na kununua ya umeme, na gari zote mbili zenye iko anaangalia zinafanana sawa mapacha. Moja inapita ingine bei kwa zaidi ya 10,000 ya euro. Vijana wanajibu mbio: twaa ile ya nguvu! Wazazi wanauliza: itabeba watu wangapi?

Mazungumuzo hayo si ya ng'ambo peke yake. Mara nyingi, tofauti kati ya gari hizo mbili haiko tu katika mbio. Iko pia ndani ya betri, na betri ni mambo ya hapa kwetu.

Tutwae mufano wenye watu wengi wanajua, Tesla Model 3. Ni gari ya chini, milango ine, viti tano, mahali ya mizigo nyuma. Tuangalie namna tatu za toleo la 2024 zenye ziliuzwa Ulaya. Ya kwanza, ya bei ya chini, iko na moteri moja nyuma. Kutoka kusimama mpaka kilometa 100 kwa saa inatumia sekunde 6.1, na mwisho wa mbio yake ni 201 kwa saa. Ya pili, ya safari ndefu, iko na moteri mbili. Ya tatu inaitwa Performance: moteri mbili za nguvu zaidi, sekunde 3.1 tu kufikia 100, na mwisho wake 262 kwa saa.

Sekunde 3.1 ni nini? Ni kusema, kabla mutu hajamaliza kutaja majina matatu ya watoto wake, gari imekwisha kufika 100. Mwenye hajazoea, kichwa kinagonga kiti. Zamani, mbio ya namna hiyo ilikuwa ya magari ya matajiri peke yao. Moteri ya umeme haingoje: ukikanyaga tu, nguvu yote inatoka mara moja, hakuna kubadilisha vitesi.

Lakini mbio hiyo itatumika wapi? Muji wa Bruxelles, tangu Januari 2021, umeweka 30 kwa saa karibu katika barabara zake zote. Kwenye otoruti ya Ubelgiji mwisho ni 120. Ujerumani peke yake ndiyo iko na vipande vya otoruti visivyo na kikomo. Shofere wa Matonge mwenye Performance atafurahi pa taa nyekundu ikigeuka ya majani, sekunde tatu hivi, kisha atakuwa nyuma ya bisi sawa wengine wote.

Sasa umbali. Hapo ndipo watu wengi wanakosea, sababu wanawaza gari ya bei kubwa lazima ifike mbali zaidi. Kwa vipimo vya Ulaya, ile ya moteri moja inafika kilometa 513 kwa kushaji moja. Performance inafika 528. Tofauti ni kilometa 15 tu, na bado Performance iko na betri kubwa zaidi. Ile ya katikati, ya safari ndefu, yenye betri karibu sawa na ya Performance, ilipimwa kilometa 629. Ni kusema kilometa 100 zimepotea. Zimeenda wapi?

Sehemu kubwa imeenda katika pine. Performance inavaa janti za inchi 20 na pine pana, zenye kushikamana sana na barabara. Pine ya kushikamana ni muzuri kwa kona na kwa fren, lakini inakula umeme. Tena, za nyuma ni pana kuliko za mbele, kwa hiyo huwezi kuzibadilishana, ya nyuma ikaenda mbele, ili ziishe sawasawa. Ile gari ya kawaida iko na pine za inchi 18 zenye kipimo kimoja pande zote. Ukiongeza kwamba gari hizi ni nzito, kilo 1,760 hivi kwa ya kawaida na karibu 1,850 kwa Performance, utaelewa sababu gani mwenye gari ya mbio anarudi mapema kwa fundi wa pine. Na mwenye asiransi pia, akiona nguvu ya gari kwenye karatasi, hawezi kuandika bei ileile.

Kuko kitu kingine chenye hakionekane katika picha ya WhatsApp. Pine ya Performance iko na ukuta mwembamba: kati ya janti na barabara ni sentimeta 8 tu. Ile ya kawaida iko na zaidi ya 10. Kwa lami ya Ulaya, tofauti hiyo inasikika mugongoni, basi. Lakini watu wetu wanajua mwisho wa hadisi: baada ya miaka tano ao sita, shemeji anasema, "Nitawatumia gari." Gari hiyo iko na volan upande wa kushoto, sawa inafaa Kongo, na itapita bahari. Halafu itakutana na mawe ya volkano katika avenue ya Goma. Chini ya Model 3 kuko nafasi ya karibu sentimeta 14, na kitu chenye kinakaa pale chini, kutoka mbele mpaka nyuma, ni betri yenyewe, kile kipande cha bei kubwa kuliko vyote. Janti ya inchi 20 katika shimo la barabara ya kwenda Sake, hakuna haja ya kueleza.

Kushaji pia. Priza ya kawaida ya nyumba ya 230 volti, ukivuta amperi 10, inatoa kilowati 2.3. Saa 10 za usiku ni kilowati-saa 23. Gari ya namna hii ikitembea polepole inakula hivi 15 kwa kila kilometa 100. Kwa hiyo usiku muzima unakupatia kilometa 140 ao 150, kama kuran haikatike, na kama mistari ya kartiye inaweza kuvumilia. Kwa kuzunguka Bukavu inatosha siku nyingi. Lakini Tesla haina duka wala garaji yake katika inchi yetu, na fundi wa kona, hata akiwa hodari kwa Toyota, hapaswe kufungua betri ya volti mamia bila kufunzwa na bila vyombo. Umeme huo unaua.

Tugeukie betri sasa, maana hapo ndipo Lualaba inaingia.

Betri ya gari ya umeme haiko namna moja. Kuko kundi la kwanza lenye kutumia nikeli na kobalti, pamoja na manganezi ao alumini. Hesabu zenye watu wa viwanda wanaandikaka, sawa 622 ao 811, ni fungu tu: 811 ni kusema, katika mafungu kumi, nane ni nikeli, moja manganezi, moja kobalti. Zamani kobalti ilikuwa nyingi zaidi; mwanzoni walitumikisha hata 111, ni kusema moja ya tatu. Kobalti inasaidia betri kubakia imara wakati inajazwa na kumalizwa mara nyingi. Kundi hili linabeba umeme mwingi katika uzito mudogo. Ndiyo sababu liliwekwa katika magari ya mbio na ya safari ndefu.

Kundi la pili linaitwa LFP: litiamu, chuma na fosfati. Hakuna nikeli, hakuna kobalti. Ni nzito zaidi kwa umeme uleule na haipendi baridi, lakini ni ya bei ya chini, inavumilia kushajiwa mara nyingi sana, na haiwake moto kwa urahisi. Mwezi wa 10, 2021, Tesla ilitangaza kwamba gari zake zote za bei ya chini zitahamia kwa betri hiyo. Kwa hiyo, kwa mutu mwenye ananunua Model 3 Ulaya, chaguo lilikuwa hivi: ya moteri moja, betri bila kobalti, Performance, betri yenye kobalti. Na kobalti ya Tesla, sehemu yake inatoka Kolwezi, kwa Kamoto Copper Company ya Glencore. Si siri, kampuni yenyewe inaiandika katika ripoti zake.

Kwa matumizi ya kila siku, tofauti hiyo ya betri inageuza hata tabia ya nyumbani. Mwenye LFP anashauriwa kujaza mpaka 100 kwa mia angalau mara moja kwa juma. Mwenye betri ya nikeli anaambiwa asimame karibu na 80, isipokuwa siku ya safari. Ukihesabu vizuri, yule wa gari ya kawaida anatumia betri yake yote kila siku, na yule wa gari ya mbio anaacha sehemu moja ikilala. Wakati wa baridi kali ya Januari kibao kinageuka kidogo: LFP inakuwa mivivu kushaji, na gari zote zinapoteza umbali.

Je, ni kusema kununua gari ya mbio ni kusaidia wachimbaji wa Lualaba? Wengine wanasemaka hivyo, lakini mambo hayaendi namna hiyo. BMW ni mufano muzuri. Gari yake i4 ilianza kuuzwa pia kwa namna mbili: eDrive40, sekunde 5.7 na umbali wa karibu kilometa 590. Na M50, sekunde 3.9 na kilometa kati ya 510 na 520. Betri ni ileile, na iko na kobalti. Lakini BMW iliamua kununua kobalti yake Marokko na Australia, ikaepuka migodi ya Kongo juu ya sifa mbaya ya kazi ya watoto na ya mashimo yanayoanguka, hata kama ilisaidia pia mradi mumoja wa kuboresha kazi ya wachimbaji wa mikono kule Kolwezi. Kwa hiyo mutu anaweza kununua gari ya mbio yenye kobalti, na creuseur wa Kasulo asipate kitu.

Na tangu 2023 kuko tena hadisi ya BYD Seal ya Wachina. Ile ya moteri moja: sekunde 5.9, kilometa 570. Ile ya moteri mbili: sekunde 3.8, kilometa 520. Zote mbili ziko na LFP. Mbio bila kobalti. Miaka kumi mbele ya hapo, wengi wasingesadiki.

Hiyo ndiyo inapaswa kuangaliwa kwa macho mawili, sababu Kongo inatoa zaidi ya 70 kwa mia ya kobalti ya dunia yote. Katika 2022 tani moja ilipita dola 80,000. Mwanzo wa 2025 ilikuwa imeshuka mpaka karibu 21,000, kwa kuwa kobalti ilitoka nyingi kupita kiasi, na pia kwa kuwa LFP ilikuwa imekwisha kutwaa karibu nusu ya soko la betri za magari. Mwezi wa 2, 2025, serikali ikafunga kutosha kobalti inje ya inchi. Kisha, tangu Oktoba 16, ikaweka kipimo: tani 18,125 kwa mwisho wa mwaka ule, na 96,600 kwa mwaka katika 2026 na 2027. Bei ikapanda tena zaidi ya mara mbili. Wauzaji wa hapa walipumua. Lakini bei ikipanda, mutengenezaji wa gari naye anapata sababu mupya ya kuhamia LFP. Ni kamba yenye kuvutwa pande mbili.

Hata hivyo, LFP haitoki kwa upepo. Inataka litiamu, na litiamu iko Manono, jimbo la Tanganyika, kule watu wangali wanangojea faida ya kesi na mikataba ya makampuni. Gari ya umeme inataka pia shaba, hivi kilo 80, mara tatu kupita gari ya esansi, na moteri ya pili inaongeza zingine. Shaba ndiyo inachimbwa kwanza Kolwezi na Fungurume. Kobalti inatokaka pamoja nayo. Na coltan ya Masisi inaingia katika vidude vidogo vya elektroniki vya gari za kisasa, ya mbio na ya kawaida, bila ubaguzi.

Basi shemeji wa Bruxelles achague nini? Kama anaenda kazini, anabeba watoto na siku moja anawaza kutuma gari nyumbani, ile ya moteri moja inamutosha na inabakiza feza mufukoni. Kama anatembea mara nyingi mpaka Köln ao Lyon wakati wa baridi, aangalie ile ya katikati, ya safari ndefu; hiyo ndiyo wengi wanaisahau sababu haina jina la kupendeza. Performance ni ya mutu mwenye anapenda kweli kuendesha na mwenye anaweza kulipa pine bila kununa. Si kosa. Feza ni yake.

Akikuta ya mitumba, asisadiki maneno ya muuzaji juu ya betri. Katika Tesla, aingie kwenye kioo cha katikati, afungue sehemu ya programu, kisha habari zaidi za gari. Pale kunaandikwa aina ya betri kubwa. Ikisoma litiamu, chuma na fosfati, ni ile ya kujazwa mpaka 100, yenye haina kobalti. Kama haisome hivyo, asimame karibu na 80, na aulize gari ilikuwa inajazwa namna gani miaka yote iliyopita.