Simu Yako Kwenye Skrini ya Gari: Ramani na Muziki Sawa, Pesa Zibaki Kwenye Simu

Magari mengi siku hizi yana skrini katikati ya dashibodi. Ukiunganisha simu, unapata ramani, muziki na hata meseji bila kushika simu mkononi. Ni msaada mkubwa, hasa ukiwa kwenye jam.

Lakini simu hiyo hiyo ndiyo pochi yako. Ndani yake kuna meseji za pesa ulizopokea, salio lako, majina ya watu unaowatumia, na namba za uthibitisho zinazotumwa na benki. Kwa hivyo kabla hujabonyeza "Ruhusu", jua kwanza gari litaona nini, nani atasikia, na ni nini kitabaki humo ukishashuka.

Kuna njia tatu, na hazifanani

*Bluetooth peke yake.* Hii ndiyo ya kawaida zaidi. Gari hupiga na kupokea simu na kucheza muziki. Mara nyingi pia huomba kunakili daftari lako la majina na orodha ya simu ulizopiga. Redio nyingine huomba ruhusa ya kusoma meseji.

*Android Auto na Apple CarPlay.* CarPlay ni ya iPhone, Android Auto ni ya simu za Android. Hapa programu hazihamii kwenye gari. Zinafanya kazi ndani ya simu, na skrini ya gari inaonyesha tu picha na kupokea vidole vyako. Ndiyo maana ukichomoa waya, ramani inatoweka. Ndiyo maana pia bando linalotumika ni la simu yako. Ukitaka kuokoa bando, pakua ramani ya safari ukiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani. Na kama skrini haioni simu, jaribu waya mwingine, kwa sababu kuna waya za USB zinazochaji tu bila kupitisha data.

*Redio ya Android iliyofungwa na fundi.* Hii tunaijua sana Kenya. Gari likitoka Japani, redio yake mara nyingi huwa na menyu ya Kijapani, na masafa yake ya FM ni ya huko, yanayoanzia 76 na kuishia karibu na 90 au 95. Stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108, kwa hivyo nyingi hazishiki. Wenye magari wengi huamua kung'oa redio hiyo na kuweka ya Android. Kumbuka tu kwamba redio hiyo ni kama tableti kamili. Ina programu zake, kumbukumbu yake, na mara nyingi itakuomba uingie kwa akaunti yako ya Google.

Kwa nini programu ya pesa haionekani kwenye skrini?

Wateja wengine huunganisha simu, wakaona ramani na muziki, halafu wakashangaa programu ya pesa iko wapi. Hakuna kilichoharibika. Apple na Google huruhusu aina chache tu za programu kwenye skrini ya gari: ramani, muziki na redio, simu na meseji, na nyingine chache kama za maegesho au kuchaji magari ya umeme. Programu za kutuma pesa hubaki kwenye simu.

Hilo ni jambo zuri. Kulipa kunahitaji usome jina la mpokeaji, uhakikishe kiasi, kisha uweke PIN. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, sekunde tano tu za kuangalia chini ni zaidi ya mita 110, yaani urefu wa uwanja wa mpira. Tena sheria haikuruhusu. Kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 ziliweka faini ya KSh 2,000 kwa dereva anayetumia simu gari likiwa linatembea.

Kwenye redio ya Android mambo ni tofauti, kwa sababu unaweza kuweka programu yoyote. Usiweke ya pesa. Usiingie pia kwa barua pepe yako kuu, ile unayotumia kubadilisha nenosiri za huduma zako. Gari hupelekwa kwa fundi, huachwa kwa anayeliosha, na huazimwa na ndugu. Yeyote atakayewasha redio atakuta akaunti yako wazi. Kama lazima uingie, fungua akaunti ya Google ya gari pekee.

Kuna pia redio zinazoonyesha skrini nzima ya simu, kama kioo. Hapo kila unachofungua kinaonekana kwa wote, salio likiwemo. Zima uonyeshaji huo kabla ya kufungua programu ya pesa.

Meseji ya pesa ikisomwa kwa sauti

Tuseme wewe ni mweka hazina wa chama. Ni Jumamosi, mko watu sita kwenye gari, mnaelekea Nakuru. Michango inaingia. Skrini inaonyesha kwamba kuna meseji mpya, unagusa, na gari linasoma kwa sauti: jina la aliyetuma, kiasi, na salio jipya. Gari zima sasa linajua nani amelipa, nani bado, na umebeba pesa ngapi.

Namba ya uthibitisho ni hatari zaidi. Aliyeketi nyuma akiisikia, anaweza kuitumia kabla haijaisha muda.

Dawa yake ni rahisi. Kwenye Android, fungua mipangilio ya Bluetooth, gusa jina la gari, kisha uzime ruhusa ya meseji. Kama unatumia Android Auto, ingia pia kwenye mipangilio yake uzime arifa za meseji. Kwenye iPhone, nenda kwenye Bluetooth, gusa alama ya "i" kando ya jina la gari, uzime kuonyesha arifa na kunakili majina. Halafu kwenye mipangilio ya arifa, zima Siri kutangaza meseji ukiwa kwenye CarPlay. Menyu hutofautiana kidogo kulingana na simu na gari, lakini maneno ya kutafuta ni hayo.

Walaghai wanapenda mtu aliye na haraka

Ule ujanja wa "nimekutumia pesa kimakosa" unafanya kazi vizuri zaidi kwa mtu anayeendesha. Meseji inasomwa kwa sauti kwamba umepokea KSh 5,000. Dakika moja baadaye simu inaingia kupitia spika za gari: "Samahani boss, nimekosea namba, ni pesa ya hospitali, tafadhali nirudishie."

Kwa masikio, meseji ya uongo na ya kweli zinafanana. Hujaona kama imetoka kwa namba ya mtu wa kawaida, na hujaangalia salio. Basi usitume chochote ukiwa barabarani. Mwambie mpigaji kwamba unaendesha. Ukishapaki, fungua simu na uangalie salio kutoka kwenye menyu yenyewe, si kutoka kwenye meseji. Hata kama pesa imeingia kweli, usiirudishe mwenyewe. Aliyetuma aombe huduma kwa wateja irudishe muamala. Akikataa njia hiyo, umeshapata jibu lako.

Gari si lako? Kuwa mwangalifu zaidi

Gari la kukodi au la kampuni linaweza kubaki na majina yako na orodha ya simu zako hata baada ya kulirudisha. Kufuta gari kwenye simu yako hakufuti kilichobaki ndani ya gari. Lazima ufute pande zote mbili.

Ukiwa abiria na unataka chaji tu, simu ikikuuliza kama unaruhusu gari kuona data, majina au meseji, kataa. Itachaji hivyo hivyo. Safari ndefu ikiwa kawaida yako, beba power bank.

Fanya hivi leo

1. Washa gari likiwa limepakiwa, fungua orodha ya simu zilizounganishwa, na ufute zile usizozijua au zisizotumika.
2. Zima ruhusa ya meseji. Acha ramani, muziki na simu za kuongea.
3. Hakikisha simu inajifunga yenyewe, na PIN ya pesa isiwe sawa na ile ya kufungua simu.
4. Kwenye petroli stesheni, zima injini kwanza, kisha soma jina la biashara na kiasi kwenye simu yenyewe kabla ya kuweka PIN.
5. Kabla ya kuuza au kurudisha gari, futa simu yako kwenye Bluetooth ya gari na uondoe akaunti ya Google. Kama redio ina sehemu ya kurejesha mipangilio ya kiwandani, itumie. Kisha futa gari kwenye simu.

Hakuna redio ya gari inayohitaji PIN yako ya pesa. Skrini yoyote ikikuomba uiandike, au fundi akikuuliza ili "aunganishe vizuri", usimpe. Na kama unashuku mtu ameshaijua, badilisha PIN leo hii, kisha piga simu kwa huduma kwa wateja.