Namba Mbili za Baiskeli

Mnunuzi anayeingia katika duka la baiskeli mjini Mtwara huuliza kwa kawaida mambo matatu: bei, idadi ya gia, na kama ipo ya rangi nyingine. Muuzaji huyajibu yote kwa furaha. Yapo hata hivyo mambo mawili ambayo muuzaji hayataji na mnunuzi hayaulizi, ingawa yote mawili yameandikwa kwa tarakimu juu ya baiskeli yenyewe. Namba ya kwanza iko ubavuni mwa tairi, nayo ndiyo itakayoamua kama baiskeli hiyo itakuwa ingali barabarani mwakani. Namba ya pili imegongwa kwenye chuma cha fremu, nayo ndiyo itakayoamua, siku ikiibiwa, kama mwenyewe ataweza kuidai. Makala haya yanazieleza namba hizo na mambo yanayohusiana nazo, kwa ajili ya mtu anayetaka baiskeli ya kwenda nayo kazini, chuoni au sokoni kila siku.

Njia kwanza, baiskeli baadaye

Anayeishi Mikindani na kufanya kazi mjini Mtwara ana safari ya kilomita zipatazo 10 za lami, kandokando ya ghuba. Kwa mwendo usio wa kujichosha ni kama dakika 40. Mtu huyu anaweza kutamani baiskeli ya mbio, ile yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo na matairi membamba, na tamaa yake si ya kipuuzi. Baiskeli hiyo ni nyepesi, na katika miezi ya Kusi, upepo unapomjia mbele kwa ubavu, mkao wa kuinama humpunguzia kazi.

Tatizo ni kwamba lami haimfikishi mlangoni. Mita mia chache za mwisho, nyumbani na hata mtaani anakofanyia kazi, mara nyingi ni mchanga au udongo wenye mawe. Tairi la upana wa milimita 23 huzama mchangani. Zaidi ya hapo, tairi hilo hutaka upepo mkali, karibu mara mbili ya ule unaolitosha tairi la milimita 40, na pampu ya mkono ya fundi wa kando ya barabara huufikia kwa shida. Upepo ukipungua, tyubu hubanwa baina ya jiwe na ukingo wa rimu, ikatoboka matundu mawili kwa mpigo.

Kwa safari ya namna hiyo tunapendekeza baiskeli ya lami inayopokea tairi la milimita 32 hadi 40. Usikubali neno la muuzaji kwamba tairi pana litafungwa baadaye. Chungulia nafasi iliyopo kati ya tairi na fremu, na kati ya tairi na breki. Fremu nyingi za mbio zimebanwa mno, hazina pa kupitisha tairi pana wala madigadi. Kwa anayekwenda Msimbati au anayevuka ghuba kila siku kutoka Msangamkuu, hata milimita 40 ni chache. Huko mchanga ni mwingi, na tairi la milimita 50 lililopunguzwa upepo kidogo ndilo linaloelea juu yake.

Ishirini na sita si ishirini na sita

Sasa tuifikie namba ya tairi. Baiskeli nyingi za mtumba zinazouzwa katika pwani yetu asili yake ni Japani. Ni imara, nyingi zina kikapu na kinga ya mnyororo, na bei yake huvutia. Muuzaji atasema gurudumu lake ni “ishirini na sita”, na atakuwa amesema kweli. Lakini baiskeli ya milimani yenye matairi mapana nayo ni “ishirini na sita”, na tairi la moja haliingii katika rimu ya nyingine.

Namba ya kutegemea ni ile ndogo yenye kistari, iliyochapwa ubavuni mwa tairi kwa mtindo huu: 37-590. Tarakimu za mwanzo ni upana wa tairi kwa milimita. Zinazofuata ni kipenyo cha rimu mahali ambapo ukingo wa tairi hukalia. Tairi la Kijapani la inchi 26 kwa kawaida ni 37-590. La baiskeli ya milimani la inchi 26 huishia na 559. Tofauti ni milimita 31, na hakuna fundi, hata awe hodari vipi, anayeweza kuiziba kwa kuvuta. Mkanganyiko huo huo uko katika “ishirini na nane”: baiskeli kubwa nyeusi za kubebea mizigo, ambazo wengi huziita Phoenix hata zikiwa na jina jingine, huwa na tairi linaloishia na 635, ilhali baiskeli za mbio huwa na 622.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, andika namba hiyo kwenye karatasi, uende nayo kwa fundi wa karibu na kwako na katika maduka mawili ya vipuri. Uliza swali moja tu: mnalo tairi la namba hii, na tyubu yake? Jibu likiwa kwamba litaagizwa Dar es Salaam, jumlisha gharama na siku za kungoja katika bei ya baiskeli. Baiskeli rahisi isiyo na tairi hugeuka haraka kuwa kamba ya kuanikia nguo.

Maji na chumvi

Mvua za Mtwara hunyesha kwa msimu mmoja mrefu, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, na hapo ndipo rimu hujulikana. Rimu ya chuma iliyong'arishwa kwa kromu hupendeza dukani, lakini ikilowa, breki za mpira huteleza juu yake na baiskeli huchukua umbali mrefu kusimama. Anayeshuka mteremko wa kuingia Mikindani wakati wa mvua nyuma ya lori hana umbali huo. Rimu ya alumini hushika vizuri zaidi ikiwa imelowa. Ikiwa fedha yako inatosha kwa jambo moja tu la ziada, liwe hilo, kabla ya gia nyingi.

Adui mwingine ni chumvi. Hewa ya pwani hula mnyororo, spoku na nati hata kama baiskeli haijawahi kukanyaga ufuko. Ifute kwa kitambaa kilicholowa maji baridi, ikaushe, kisha tia mafuta mepesi kwenye mnyororo na kufuta yanayozidi, kwani yakibaki hukusanya mchanga na mchanga husaga meno ya gia. Mara moja kwa wiki inatosha kwa wengi, na kila siku kwa aliyepita ufukweni. Aidha, fungua bomba la tandiko walau kila baada ya miezi miwili, ulipake grisi. Bomba la alumini ndani ya fremu ya chuma huweza kushikana nayo kwa kutu, lisitoke tena.

Kuhusu kipimo, simama ukiwa umepanda juu ya bomba la kati la fremu, miguu yote miwili chini: pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Wanawake wanaovaa baibui au kufunga kanga wachague fremu iliyoshuka katikati, na wahakikishe mnyororo umefunikwa na gurudumu la nyuma lina kinga ya nguo. Hilo ni suala la usalama, si la urembo. Muuguzi anayetoka zamu ya usiku Hospitali ya Ligula anahitaji pia taa mbele na nyuma, na zijaribiwe dukani, si nyumbani.

Siku ya kulipa

Mwambie muuzaji kwa sauti baiskeli ni ya kazi gani: “Nataka ya kwenda Mikindani na kurudi kila siku, nikiwa na mzigo wa kilo kumi.” Maneno hayo yana uzito wa kisheria. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa (Sura ya 214) inampa ulinzi mnunuzi aliyemweleza muuzaji wa bidhaa hizo matumizi aliyokusudia, akategemea ujuzi wake. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mlaji, na ina sehemu nzima kuhusu masharti yanayohesabiwa kuwamo katika mkataba wa mlaji hata kama hayakutamkwa. Lile tangazo la ukutani lisemalo “bidhaa ikishauzwa haitarudishwa” halifuti haki hizo iwapo bidhaa ni mbovu. Hata hivyo, kasoro ambayo ungeiona kwa kukagua, nawe ulikagua, ni vigumu kuidai baadaye. Kwa hiyo zungusha magurudumu uone kama yanayumba, tikisa pedali kwa mkono, bana breki kwa nguvu zote, na tazama maungio ya fremu karibu na usukani kama yana ufa au rangi iliyopasuka.

Dai risiti, na omba iandikwe namba ya fremu. Hiyo ndiyo namba ya pili. Mara nyingi imegongwa chini ya fremu, pale mhimili wa pedali unapopita, na kwa baadhi ya baiskeli iko kwenye bomba la tandiko. Pikipiki ina kadi ya usajili, baiskeli haina. Namba hiyo na karatasi iliyoinakili ndiyo kadi yako.

Katika mtumba wa mtu kwa mtu jambo hili ni zito zaidi. Anayenunua mali ya wizi hapati umiliki wake hata kama alilipa bei kamili, na chini ya Kanuni ya Adhabu (Sura ya 16) anaweza kujikuta akijibu shtaka la kupokea mali hiyo. Namba iliyokwanguliwa, au rangi mpya iliyopigwa juu ya fremu kuukuu mahali pale pale pa namba, ni sababu ya kutosha ya kuondoka. Mauziano na yaandikwe mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa au ya kijiji, yakitaja majina ya pande mbili, namba za vitambulisho, namba ya fremu, bei na tarehe, na kila upande ubaki na nakala. Muuzaji mwaminifu hapotezi kitu kwa dakika hizo chache. Kwa baiskeli iliyonunuliwa ng'ambo ya Ruvuma na kuletwa kupitia Kilambo, hati ya forodha iambatanishwe.

Kufunga

Si ajabu kumwona mtu ametoa laki kadhaa kwa baiskeli na elfu chache kwa kufuli. Waya mwembamba uliovikwa plastiki hukatwa kwa koleo dogo. Kufuli la duara linalokuja na baiskeli za Kijapani, lile linalopitisha chuma kati ya spoku za gurudumu la nyuma, huzuia baiskeli kuendeshwa, lakini halizuii kubebwa juu ya kirikuu. Litumie, ila lisiwe peke yake.

Nunua mnyororo wa chuma kigumu na kufuli linalolingana nao, au kufuli la chuma lenye umbo la U. Pitisha ndani ya fremu na gurudumu la nyuma, kisha ufunge kwenye kitu kisichong'oka: nguzo ya zege, wavu wa dirisha, au chuma kilichochimbiwa. Mti mchanga na nguzo fupi ambayo baiskeli inaweza kupandishwa na kuvuliwa juu yake havifai. Baiskeli za mbio mara nyingi huwa na mkono wa kufungulia gurudumu bila spana. Mwombe fundi aubadilishe kwa ekseli ya nati. Mnyororo usilale chini, kwa kuwa kilicholazwa juu ya sakafu huvunjwa kwa nyundo kwa urahisi. Na nyumbani vilevile funga: uani si dukani, lakini ukuta wa makuti haujapata kumzuia mwizi.

Ikiibiwa, nenda kituo cha polisi siku hiyo hiyo ukiwa na risiti au hati ya mauziano, namba ya fremu, na picha inayokuonyesha ukiwa na baiskeli. Pata RB na uhifadhi namba yake. Kisha wapitie mafundi wa baiskeli, kuanzia wa sokoni hadi wa Mikindani, uwaachie namba ya fremu kwa maandishi. Baiskeli ya wizi nayo hupata pancha, na fundi anayeigeuza magurudumu juu ili kuziba tundu huwa na namba hiyo mbele ya macho yake.