Nani Ashike Ufunguo wa Tovuti?

Vyama vya ushirika, shule na halmashauri nyingi zimekwisha kufungua tovuti ili kuwapasha wananchi habari. Hilo ni jema. Lakini kabla ya kutangaza zabuni, wakuu hawana budi kuamua wenyewe jambo ambalo mara nyingi huachiwa fundi: mfumo wa kusimamia maudhui, yaani programu imwezeshayo karani kuandika tangazo, kuweka picha na kuondoa yaliyopitwa na wakati pasipo kumwita mtaalamu.

Mifumo ya bure ijulikanayo zaidi ni Drupal, iliyotolewa mwaka 2001 na Mbelgiji Dries Buytaert. WordPress, ya mwaka 2003. Na Joomla, ya mwaka 2005. Hii ya mwisho yatuhusu hata kwa jina, maana limetokana na neno letu "jumla". Ilizaliwa kwa ugomvi. Mafundi waliokuwa wakiandika programu iliyoitwa Mambo walihitilafiana na kampuni ya Australia iliyomiliki jina hilo. Jina wakaliacha, programu wakaondoka nayo, kwa kuwa leseni yake ilimruhusu kila mtu kuinakili na kuibadili. Taasisi inayokodi mfumo uliofungwa wa kampuni moja haina njia hiyo. Kampuni ikipandisha bei, mteja hulipa au huanza upya.

Hata hivyo, cha bure nacho kina gharama yake. Drupal 7, iliyotolewa mwaka 2011, ilikoma kupata marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 5 Januari 2025, na kuhamia matoleo mapya ni karibu sawa na kujenga tovuti upya. Katika WordPress, kila nyongeza isiyotunzwa ni dirisha lililoachwa wazi kwa wezi.

Kwa maoni yetu, chama kidogo chenye karani mmoja kitatoshelezwa na WordPress. Drupal yafaa taasisi yenye idara nyingi, mradi iwe na fundi wa kudumu anayelipwa mshahara. Sura nzuri ya ukurasa wa mbele, ambayo wauzaji hupenda kuionyesha kwanza, si kigezo.

Mkataba useme ni nani atakayesasisha programu kila mwezi, nakala za akiba zitawekwa wapi, na iwapo maandishi na picha vyaweza kuhamishiwa mfumo mwingine. Jina la tovuti lisajiliwe kwa taasisi, si kwa fundi. Nywila kuu ikae ofisini, ikijulikana na watu wasiopungua wawili.