Muuaji wa watu saba aliwahi kuwa mtoto wa jirani

MARA ya kwanza kuitazama filamu iitwayo Monster ilikuwa kwenye kibanda cha video hapa Kobero, mpakani mwa Burundi na Tanzania. Mama mmoja muuza vitunguu aliyekaa karibu nami alitema mate chini, akasema: "Huyu si mtu, ni shetani." Wote tuliafiki, nami nikiwemo.

Baadaye nilisoma habari za mwanamke mwenyewe. Leo nataka kulirudisha neno lile.

Anaitwa Aileen Wuornos, Mmarekani. Kati ya mwishoni mwa mwaka 1989 na mwishoni mwa 1990 aliwaua kwa risasi wanaume saba katika jimbo la Florida, ambako alikuwa akijiuza kandokando ya barabara kuu. Alikamatwa Januari 1991, akahukumiwa kifo kwa mauaji ya sita kati yao, na Oktoba 9, 2002 akauawa kwa sindano ya sumu. Mwaka uliofuata filamu ile ikatoka. Charlize Theron wa Afrika Kusini, aliyeigiza nafasi yake, alipata tuzo ya Oscar mwaka 2004.

Lakini filamu inaugusa utoto wake kidogo tu, na huko ndiko penye kisa.

Alikotoka

Aileen alizaliwa Michigan, Februari 29, 1956, na mama aliyekuwa bado binti mdogo. Kabla hajatimiza miaka minne mama akaondoka, akamwacha yeye na kaka yake kwa babu na bibi. Baba yake, aliyefungwa kwa makosa ya ngono dhidi ya mtoto, alijinyonga gerezani mwaka 1969.

Aileen alisimulia kwamba babu yake alikuwa akimpiga na kumnajisi. Akiwa na miaka 14 alishika mimba. Alijifungua mwaka 1971, mtoto akachukuliwa kulelewa na watu wengine. Mwaka huohuo bibi akafariki. Haukupita muda mrefu, binti wa miaka 15 akawa hana kwao, analala msituni karibu na mtaa aliokulia na kuuza mwili wake apate chakula.

Hebu jihesabie, msomaji. Kulikuwa na walimu, majirani, ndugu, wakunga waliomzalisha. Ni watu wazima wangapi waliopishana na mtoto yule wakatazama pembeni?

Jeraha linavyofanya kazi

Mwaka 1998 madaktari wa Marekani, Vincent Felitti na Robert Anda, walichapisha pamoja na wenzao utafiti juu ya watu wazima zaidi ya 9,000. Waliona kwamba kadiri mtu alivyopitia mateso ya aina nyingi utotoni, ndivyo uwezekano wa kuwa mlevi, kutumia dawa za kulevya au kujaribu kujiua ulivyozidi.

Mtoto anayeishi kwa hofu kila siku, mwili wake hujifunza kukaa tayari kwa vita. Akikua, hofu ile haiondoki. Anaweza kuona hatari hata pale isipokuwepo, na mkono ulionyooshwa kumsaidia akaudhani ni wa kumpiga.

Mtu wa kwanza kuuawa na Aileen, Richard Mallory, alikuwa amewahi kufungwa kwa kosa linalohusu ubakaji, jambo ambalo baraza la mahakama halikuelezwa. Aileen alidai alikuwa akijitetea. Huenda. Lakini waliuawa wengine sita, na baadaye mwenyewe alikana kwamba alikuwa akijitetea, akasema aliua ili aibe. Familia saba ziliachwa na msiba. Utoto wa Aileen haulipi damu hiyo.

Tena, watoto wengi mno wanateswa na hawaui mtu. Sisi tuliorejea kutoka kambini tunalijua hilo. Tuliona tusiyopaswa kuyaona tukiwa wadogo, na leo tunauza vitenge na sembe, tunalea. Jeraha si hukumu.

Basi tofauti ni nini? Zipo nyingi, lakini moja ninaijua kwa nafsi yangu. Kambini alikuwepo bibi mmoja, hata si ndugu yetu, aliyeniita kila jioni na kuniuliza, "Umekula?" Aileen alipolala msituni, nani alimuuliza?

Binti wa sokoni

Nayasema haya kwa sababu sokoni kwetu alikuwepo binti wa miaka kama 13, aliyelala chini ya meza zetu na usiku akazunguka kwenye malori. Tulimwita majina mabaya. Mimi mwenyewe nilimfukuza mara mbili kwenye meza yangu, nikihofia ataniibia.

Siku moja nilimwita nikampa chai na maandazi mawili. Alikula moja, lile la pili akalificha ndani ya nguo. Hakusema neno. Siku ya nne ndipo alinitajia jina lake.

Tulikwenda kwa kiongozi wa mtaa, mimi na yule mama muuza vitunguu. Sasa binti analala kwa mama huyo. Bado anashtuka ukipita nyuma yake, na maandazi bado anaficha. Asubuhi, kabla hatujapanga bidhaa, mama wa vitunguu humuuliza, "Mwanangu, umelalaje?"

Juzi kwa mara ya kwanza alijibu: "Salama, mama."