Santuri za Baba, CD za Watoto: Ipi Ina Sauti Bora?

Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wazee. Ndivyo ilivyokuwa CD zilipoingia katika nyumba za Kinondoni na Temeke. Santuri ziliwekwa uvunguni, na nyingine zikatupwa jalalani. Leo CD nazo zimewekwa kando, na watoto wanasikiliza muziki kwenye simu. Mama anayesafisha nyumba hujiuliza: kipi kitunzwe na kipi kitupwe? Kabla hatujaamua, tutazame jinsi kila kimoja kinavyotoa sauti.

Santuri ina mfereji mwembamba unaozunguka kutoka ukingoni hadi karibu na katikati. Sindano hupita ndani ya mfereji huo na kutikisika kufuatana na umbo lake, na mtikisiko huo ndio unaogeuzwa kuwa sauti. Kwa kuwa sindano inagusa, kila ikichezwa santuri huchakaa kidogo, na vumbi likiingia husikika likialika. Tena wimbo wa mwisho wa kila upande mara nyingi hukwaruza kuliko wa kwanza, kwa sababu karibu na katikati mzunguko ni mfupi na sauti imebanwa mahali padogo.

CD ilianza kuuzwa Japani mwaka 1982. Sauti yake imepimwa mara 44,100 kwa kila sekunde na kuandikwa kwa tarakimu, kisha husomwa kwa mwanga. Haichakai kwa kuchezwa, na hata sauti ndogo husikika wazi. Kwa vipimo, CD ndiyo yenye sauti safi zaidi. Wapo wanaoona santuri ni tamu zaidi masikioni, nasi hatugombani nao, maana utamu si jambo la kupimwa kwa mashine.

Lakini kuna jambo ambalo wengi wetu hulisahau. Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alifariki mwaka 1965, na Mbaraka Mwinshehe mwaka 1979. Hakuna hata mmoja wao aliyeiona CD. Kwa hiyo kila CD yenye nyimbo zao imenakiliwa kutoka kwenye utepe wa studio, santuri au kanda. Ikiwa imetoka kwenye utepe uliotunzwa vema, yaweza kuishinda santuri. Ikiwa imetoka kwenye kanda iliyonakiliwa kutoka kanda nyingine, CD itakuletea kasoro zote za kanda hizo. Chombo safi hakisafishi maji machafu.

Tena, CD zinazonakiliwa mitaani si sawa na zile za kiwandani. Zina rangi maalumu inayoshika maandishi, na rangi hiyo huharibiwa na jua na joto. Katika joto la Dar es Salaam, santuri iliyotunzwa yaweza kuendelea kulia wakati CD ya namna hiyo imekwisha kunyamaza.

Kwa hiyo, mama mpenzi, tunakushauri hivi:

Santuri zisimamishwe wima kama vitabu, mbali na dirisha lenye jua na mbali na jiko. Zikilazwa moja juu ya nyingine hupinda.

Zishikwe ukingoni tu, na zifutwe kwa kitambaa laini kufuata mzunguko wa mfereji. CD hufutwa kinyume chake, kutoka katikati kwenda ukingoni.

Sindano iliyochakaa ibadilishwe, maana hukata mfereji. Zile santuri nzito za zamani zinazozunguka mara 78 kwa dakika zina mfereji mpana. Zinahitaji sindano yake. Zisisafishwe kwa spiriti, kwani huziyeyusha.

Mwisho, msitupe kabla ya kuwauliza wazee wa nyumba. Huenda wimbo uliochezwa siku ya harusi ya bibi umo humo, na haukutolewa tena kwa namna nyingine yoyote. Mtafuteni fundi mwangalifu aunakili kwenye kompyuta, watoto wausikilize kwenye simu zao. Santuri yenyewe irudishwe katika jalada lake na itunzwe. Nakala ikipotea, mtakuwa na pa kuanzia tena.