Uigizaji wa Hollywood ya Zamani (2): Mtazame Asiyesema

Wiki iliyopita niliandika juu ya studio kubwa za Hollywood na mikataba yao ya miaka saba, iliyompa bosi wa studio uwezo wa kumpangia mwigizaji filamu ya kucheza na hata jina la kutumia. Leo naingia ndani ya filamu zenyewe. Kijana anayezitazama sasa kwenye simu yake ana haki ya kuuliza: ule uigizaji uliosifiwa miaka ya 1940 na 1950 ulikuwa mzuri kweli, au tunausifu kwa sababu ya uzee wake?

Naamini ulikuwa mzuri, tena kuliko tuzo zinavyoonyesha. Tatizo ni mahali tunapoutafuta. Wengi wetu tulizoea kumfuata steringi tangu anapotokea mpaka anapowamaliza maadui, na macho yetu huenda kwa yule anayezungumza. Tabia hiyo inafaa jukwaani, ambako mwigizaji hupaza sauti ili mtu wa kiti cha mwisho asikie. Kwenye sinema kamera imesogezwa usoni pa mtu hadi kope ikicheza inaonekana ukutani ikiwa kubwa kama mlango. Hapo maneno hayana kazi kubwa tena. Kwa hiyo kipimo ninachokitumia kwa mwigizaji wa filamu ni kimoja: mwenzake anapozungumza, yeye anafanya nini?

Nianze na Double Indemnity ya mwaka 1944, iliyoongozwa na Billy Wilder, ambaye pia aliiandika pamoja na Raymond Chandler. Mwanamke aitwaye Phyllis anapanga na wakala wa bima, Walter Neff, kumwua mumewe ili wapate fedha za bima. Phyllis ni Barbara Stanwyck. Walter ni Fred MacMurray. Usiku wa tukio Phyllis anaendesha gari, mumewe ameketi kando yake na mguu uliofungwa plasta, na Walter amejilaza nyuma ya viti. Ishara waliyokubaliana ni honi mara tatu. Phyllis anaingia kwenye barabara yenye giza, anapiga honi, mume anashangaa na kuuliza honi ni ya nini. Hajibiwi. Tunasikia purukushani, lakini mauaji hatuyaoni, kwa kuwa kamera imebaki usoni pa Stanwyck. Anatazama barabara. Hageuki, hapigi kelele, mikono haitoki kwenye usukani. Ukimtazama vizuri utaona machoni kitu kinachokaribia kuridhika, kisha kinatoweka na uso unarudi kama ulivyokuwa. Sekunde hizo chache zinatueleza habari za ndoa ile kuliko mazungumzo yote yaliyotangulia.

Kulikuwa na sababu ya kuipeleka kamera pale. Tangu mwaka 1934 Hollywood ilikuwa ikitekeleza kwa ukali kanuni za maadili zilizosimamiwa na ofisi ya Joseph Breen, na mojawapo ilikataza kuonyesha mauaji kwa kina. Wilder alilazimika kutafuta njia nyingine, akaipata kwa mwigizaji wake. Lakini nisieleweke kwamba nasifu udhibiti ule. Kanuni zilezile zilipiga marufuku kuonyesha mapenzi kati ya mweupe na mweusi, na marufuku hiyo iliwafungia milango waigizaji weusi wa kizazi kizima.

Stanwyck aliteuliwa kuwania Oscar mara nne, na kwa filamu hii akashindwa na Ingrid Bergman aliyecheza Gaslight. Hakushinda hata mara moja; mwaka 1982 alipewa tuzo ya heshima. Bergman simwonei kijicho, maana naye ni msikilizaji hodari, ila Gaslight siyo kazi yake bora. Kazi yake bora imo ndani ya Casablanca ya mwaka 1942, filamu iliyotwaa Oscar ya filamu bora huku yeye akiteuliwa mwaka uleule kwa filamu nyingine kabisa, For Whom the Bell Tolls.

Katika Casablanca, Ilsa (Bergman) anaingia kwenye klabu ya Rick, mpenzi wake wa zamani, na kumwomba Sam, mpiga kinanda, apige wimbo wa zamani. Sam anajitia kuusahau. Anashurutishwa, anaanza. Dooley Wilson aliyecheza Sam hakuwa mpiga kinanda hata kidogo, alikuwa mpiga ngoma, na kinanda tunachokisikia kilipigwa na mwingine. Hilo hutaligundua, kwa sababu mwongozaji Michael Curtiz ameielekeza kamera kwa Bergman na kuiacha hapo muda mrefu bila kukata. Bergman anasikiliza, basi. Kumbukumbu za mtu aliyempenda zinampitia usoni moja baada ya nyingine, na sisi tusiozijua bado tunaziona. Bergman alisimulia baadaye kwamba wakati wa kupiga picha hakuwa ameambiwa Ilsa ataondoka na mwanamume yupi kati ya wawili, kwani mswada ulikuwa bado unaandikwa. Wasiwasi ule wa mwigizaji ukawa wasiwasi wa mhusika.

Klabu ileile ina tukio jingine ambalo watu hulikumbuka kwa wimbo wa taifa wa Ufaransa unaowazima maofisa wa Kijerumani. Mimi hulikumbuka kwa nyuso. Wengi kati ya walioketi kwenye meza zile walikuwa wakimbizi halisi kutoka Ulaya. Madeleine Lebeau, anayeonekana akiimba huku machozi yanamtoka, alikuwa ameikimbia Ufaransa mwaka 1940.

Sasa Gone with the Wind ya mwaka 1939. Filamu ile inaudanganya ulimwengu juu ya utumwa, inawapamba mabwana na kuwafanya watumwa waonekane wameridhika, nami siitetei. Lakini ndani yake kuna Hattie McDaniel, binti wa wazazi waliozaliwa utumwani, aliyepewa nafasi ya mjakazi anayeitwa Mammy. Karibu na mwisho, mtoto wa Rhett na Scarlett, wahusika wakuu, amekufa kwa kuanguka toka kwenye farasi. Melanie, yaani Olivia de Havilland, anafika nyumbani, na Mammy anampandisha ngazi huku akimsimulia: baba kampiga risasi yule farasi, kajifungia chumbani na maiti, hataki mtoto azikwe kwa kuwa aliogopa giza. Ni maelezo marefu, na wote wawili wanatembea. McDaniel anasimulia akipanda, pumzi inampungukia, sauti inakatika, anajifuta, anaendelea. Na De Havilland? Karibu haongezi neno. Kila habari mpya inapunguza mwendo wake kidogo. Ukimtazama yeye peke yake kwa mara moja utaona kuwa uzito wa maneno ya McDaniel tunaupima kwa miguu ya mwenzake.

Wote wawili waliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike. Tarehe 29 Februari 1940 McDaniel akashinda, mtu mweusi wa kwanza kupata tuzo hiyo. Hoteli ya Ambassador mjini Los Angeles, ambako sherehe ilifanyika, haikuwa ikipokea weusi. Aliingia kwa ruhusa maalumu na akaketishwa meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake. Miezi michache kabla, Desemba 1939, filamu ilipozinduliwa Atlanta, hakuhudhuria kabisa kwa sababu ya sheria za ubaguzi za kule. Tuzo haikumfungulia njia. Aliendelea kuitwa kucheza wajakazi, na watu weusi wenzake wakamlaumu kwa kukubali. Nasema lawama zilistahili kuelekezwa kwa waliomwandikia nafasi hizo.

Swali la nani anapewa uso na nani ananyimwa linatugusa sisi moja kwa moja katika The African Queen ya mwaka 1951, iliyompa Humphrey Bogart Oscar yake pekee. Hadithi imewekwa katika Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1914, na sehemu kubwa ilipigwa Kongo na Uganda. Kuna tukio la kunywa chai ambalo siachi kulisifu. Charlie (Bogart), nahodha wa boti, ameketi na wamisionari wawili, kaka na dada, na tumbo lake linanguruma. Linanguruma tena. Robert Morley na Katharine Hepburn wanajifanya hawajasikia: mmoja anakazana na kikombe, mwingine anatoa neno la adabu haraka mno. Uchekeshaji wote umo katika jinsi wanavyosikia na kukataa kusikia.

Lakini dakika chache kabla, ndani ya kanisa, Waafrika wameonyeshwa wakiimba tenzi bila mpangilio, kelele tupu, ili mtazamaji wa London na New York acheke. Hakuna hata mmoja kati yao anayepewa picha ya karibu. Kisha askari wanachoma kijiji, wanawaswaga watu, na filamu haiwaulizi tena. Nampenda Hepburn katika filamu hii, hata hivyo dosari hiyo ni ya kiuongozaji, na John Huston alikuwa na uwezo wa kuiepuka.

Bogart alimshinda Marlon Brando mwaka ule. Brando alipata yake kwa On the Waterfront ya mwaka 1954, na huyu watu humnukuu kwa maneno ya ndani ya teksi, jinsi ambavyo angeweza kuwa bondia wa maana. Nendeni nyuma kidogo ya maneno hayo. Kaka yake, aliyechezwa na Rod Steiger, anamtolea bastola. Mwigizaji mwingine angeshtuka au angeghadhibika. Brando anaigusa bastola taratibu na kuisogeza kando, akitikisa kichwa kwa huzuni, kama anayemwonea kaka yake haya. Tazama pia anavyotembea bustanini na Eva Marie Saint: glavu ya binti inaanguka, Brando anaiokota, anaipangusa, na badala ya kuirudisha anaingiza vidole vyake humo huku wakiendelea kuzungumza. Binti anataka kuondoka, lakini hawezi kuiacha glavu yake. Mwongozaji Elia Kazan aliisimulia glavu ile miaka mingi kama mfano wa uigizaji bora aliowahi kuushuhudia.

Steiger ananipeleka kwenye kisa cha mwisho, In the Heat of the Night ya mwaka 1967. Yeye ni mkuu wa polisi katika mji mdogo wa Mississippi, anatafuna ubani mfululizo, anafoka, anazunguka chumba. Sidney Poitier ni Virgil Tibbs, mpelelezi mweusi kutoka Philadelphia aliyekamatwa kwa kosa la kuwa mweusi mwenye fedha mfukoni. Poitier anasimama. Ametulia kiasi kwamba hasira yake tunaiona kwenye taya tu. Tajiri wa pamba anapompiga kofi, Tibbs anamrudishia papo hapo, na mtumishi mweusi mwenye sinia la vinywaji amesimama pale akiona yote. Steiger anafanya kazi nzuri, sikatai. Lakini kila anachofanya kina maana kwa sababu kinagonga utulivu wa Poitier.

Aprili 1968, sherehe za Oscar ziliahirishwa kwa siku mbili kufuatia kuuawa kwa Martin Luther King. Filamu ikashinda tuzo ya filamu bora, Steiger akashinda ya mwigizaji bora wa kiume. Poitier, aliyetoa filamu tatu zilizovuma mwaka ule mmoja, hakuteuliwa hata kwa moja. Hilo nalihesabu kuwa kosa kubwa kuliko yote waliyoyafanya wapiga kura wa tuzo hiyo katika kipindi chote tunachokijadili.

Wiki ijayo, katika sehemu ya tatu, nitaendelea na filamu za Hollywood zilizopigwa katika nchi zetu, zikiwemo Mogambo ya mwaka 1953 na Hatari! iliyopigwa Tanganyika na kutolewa 1962. Kabla ya hapo, msomaji, itafute Double Indemnity, na ukifika kwenye honi ya tatu mtazame Stanwyck peke yake.